Shangazi, Hili Jeneza Ni Kidani Tu

Shangazi mpendwa,

Mimi huku Uingereza ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu hapo Tanga, hasa niliposikia picha yangu ya WhatsApp imeitisha kikao cha ukoo. Wale popo masikioni ni hereni. Jeneza shingoni ni kidani. Sijarogwa, na pesa ya kuku mweusi msiichange.

Nilipigwa picha hiyo Whitby, mji wa wavuvi pwani ya Yorkshire. Tangu 1994 Wagothi, watu wasiojua rangi nyingine zaidi ya nyeusi, hufanya tamasha lao pale. La vuli huangukia karibu na Halloween, 31 Oktoba, siku ambayo Wazungu hutishana kwa gharama zao wenyewe. Nilimwona bibi wa rika lako, pete ya buibui kila kidole, anakula samaki na chipsi huku akiwafukuza shakwe kwa mwavuli wa lesi. Hakuna aliyemshangaa ila mimi.

Sababu ya Wagothi kuchagua Whitby ni Dracula, mnyonya damu wa hadithini. Katika riwaya ya 1897, Bram Stoker alimteremsha hapo kutoka melini akiwa amejigeuza mbwa. Sisi, zimwi Popobawa alipovuma Unguja na Pemba mwaka 1995, watu walilala nje kwa makundi. Hawa wangemtengenezea bangili.

Lakini usonara wenyewe ni wa zamani kuliko Dracula. Magenge ya pale yana jeti, miti ya jamii ya araukaria iliyozama miaka milioni 180 hivi iliyopita ikageuka jiwe jeusi. Mume wa Malkia Victoria alipofariki mwaka 1861, malkia alivaa nyeusi mpaka anakufa mwenyewe, 1901. Karibu miaka arobaini, Shangazi! Mjane wetu akimaliza eda anauliza harusi ya nani Jumamosi. Basi Waingereza wote wakataka mapambo ya msiba, na Whitby ikaajiri zaidi ya watu elfu moja kuchonga jeti. Wengine walisuka nywele za marehemu wakazitia ndani ya bruchi. Ukikutwa na kitu hicho kijijini kwetu, utahama usiku huohuo.

Mafundi wachache bado wapo. Mmoja alinishikisha kipande kibichi. Nikadhani ni mkaa, maana ni chepesi na hakina ubaridi wa jiwe. Akakisugua kwenye kigae kisichong'arishwa, kikaacha mstari wa kahawia kama wa chokoleti. Kioo cheusi, ambacho wajanja huuza kwa jina la jeti, hakiachi mstari huo, na ukikishika ni baridi. Kisha akakibana kwenye gurudumu, vumbi likaruka, na ndani ya lile kaa kukatoka bawa la popo, kila mfupa unaonekana, linameta hata ukijitazama unajiona. Nilipoomba anipunguzie bei, alinitazama kwa huruma kubwa, kisha akanigeuzia kile kikaratasi cha bei nikisome vizuri.

Nimekununulia bangili. Haina fuvu wala popo. Usiiangushe, huvunjika. Na mama mwenye nyumba akiuliza, sema tu ni ya Uingereza, maana ukimwambia ni mti, atataka kujua bei, halafu atakupandishia kodi.

Mwanao wa Leeds.