Muulize Bibi Seredani: Jiko la Kaya, Wageni wa Ukoo

Barua za wiki hii zimenifikia zikinuka moshi. Nyingi ni za jambo moja: mtu amenunua jiko la kuchomea nyama huku akiwaza sikukuu, sasa Jumanne imefika, ana watoto wawili, nusu kilo ya mishikaki na mkaa wa kupima kwa kopo. Nimechagua chache. Wenye matusi nimewajibu faraghani.

Bibi Seredani, shikamoo. Mume wangu alikwenda Gerezani kununua jiko la kuchomea nyama, akarudi na nusu pipa lenye miguu minne, limepakiwa kwenye guta kama maiti. Tuko wanne, tumepanga vyumba viwili. Tukichoma robo tatu ya kilo, mkaa unateketea kama tunaungua sisi. Nikisema, ananijibu kuwa jiko kubwa ndiyo heshima ya nyumba. Juzi ameniambia nipikie chai humo humo.
Mama Zuhura, Mbagala

Marahaba, mwanangu. Mumeo si wa kwanza. Mwanamume akisimama mbele ya mafundi wa bati hupima jiko kwa macho ya majirani, hesabu ya walaji anaikumbuka akiwa njiani kurudi.

Tumsaidie kuhesabu. Pipa la lita 200 likipasuliwa kwa urefu hutoa jiko la sentimita 88 hivi kwa 57. Sasa weka kiganja chako juu ya wavu, vidole vikiwa vimebanana. Kila mlaji mpe viganja viwili: kimoja cha nyama, kimoja cha ndizi au muhogo. Nyinyi wanne mnahitaji viganja vinane, yaani wavu wa sentimita 40 kwa 30. Ongeza theluthi ya wavu isiyo na mkaa chini yake, maana mafuta yakidondoka moto ukaruka lazima nyama ipate pa kukimbilia. Jumla ni 40 kwa 40. Hilo pipa lenu, hata ukiacha theluthi hiyo tupu, linalisha watu kumi na wawili. Wanane wengine mmewaficha wapi?

Shida ya jiko kubwa ni kwamba mkaa hauwaki vizuri ukitawanywa. Kaa moja huku, jingine kule, kila moja linapoa peke yake, na nyama inakauka kabla haijaiva. Ndiyo maana mnaongeza, mnaongeza, mpaka kopo linagonga sakafu. Basi usilitupe pipa. Tafuta matofali manne ya kuchoma, yasimamishe ndani kama ukuta, ukate jiko lako kwenye theluthi moja. Mkaa wote ujae upande huo, urundikane, ugusane. Utaona tofauti siku ya kwanza.

Muulize pia pipa lilibeba nini. Kama lilikuwa la kemikali, mimi nyama yake silii. Kama lilikuwa la mafuta ya kupikia, liwashwe moto mkali wa kuni likiwa tupu, nje, mpaka rangi yote iungue, ndipo chakula kiguse. Na wavu usiwe wa waya unaong'aa ule wa uzio: ule umepakwa zinki, na zinki ikiungua moshi wake haufai kifuani wala mezani.

Chai hapana. Chai ina jiko lake, lile dogo la bati lenye udongo ndani, ambalo Wakenya walianza kulisambaza miaka ya 1980 na sasa liko kila uchochoro wa Dar. Unapolinunua beba sufuria yako ya kila siku uende nayo kwa fundi, wala usione haya. Kitako cha sufuria kizidi mdomo wa jiko kidogo. Mdomo ukiwa mpana kuliko sufuria, joto linapita pembeni na wewe unapasha moto Mbagala nzima.

Pipa mkodisheni. Kila wikiendi kuna kipaimara, kitchen party au arobaini mtaani kwenu, na mumeo ataipata heshima yake kwa kulipwa.

Bibi, mimi ni mwanafunzi, naishi Roysambu orofa ya nne. Nimejipatia kijiko kidogo cha mkaa kutoka Kamukunji, upana kama sahani. Kwa mtu mmoja kinatosha kabisa. Shida ni mvua: ikinyesha nakiingiza ndani, nachoma soseji zangu, halafu nakiacha kipashe chumba moto nikisoma. Je, ninunue kikubwa kidogo?
Msomi wa Baridi

Mjukuu wangu, hapa sitanii. Usinunue kikubwa, na hicho ulicho nacho kisivuke mlango tena. Mkaa ukiwaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, na inatoka hata pale makaa yanapokuwa mekundu bila moshi wowote. Utaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi mtamu. Wengine hawaamki tena. Dirisha lililofunguliwa kidogo halikulindi, na udogo wa jiko haukusaidii kitu, kwa sababu chumba chako nacho ni kidogo.

Choma uani, chini kabisa, mwenye nyumba akikubali. Mvua ikinyesha, kula mkate. Baridi ina blanketi.

Shikamoo Bibi. Shemeji yangu aliyeko Minnesota ametuletea kwenye kontena jiko la duara, jeusi, lina mfuniko na magurudumu mawili. Kipenyo sentimita 57. Tuko watano hapa Tanga. Mume wangu anasema ni kubwa mno. Mama mkwe ameuchukua mfuniko, anafunikia vifaranga mwewe wasiwabebe. Tuliuze?
Mkwe Mtiifu

Marahaba. Msiliuze, na mfuniko urudi leo. Mnunulieni mama tenga, mpelekeeni na kilo ya sukari, maneno yaishe.

Jiko hilo lina asili ya baharini, kwa hiyo Tanga limefika nyumbani. Mwaka 1952 George Stephen, fundi wa kiwanda cha Weber Brothers eneo la Chicago, alichoshwa na upepo unaomharibia nyama uani kwake. Kiwandani walikuwa wakiunganisha maboya ya chuma. Akachukua boya, akalipasua, nusu ikawa jiko na nusu mfuniko. Kumnyang'anya Stephen mfuniko ni kumrudisha kwenye upepo wake.

Viganja mnavijua sasa. Duara la 57 linabeba viganja kumi na sita hivi, ukitoa theluthi tupu vinabaki kumi au kumi na kimoja. Nyinyi watano mmeenea barabara. Mumeo amelitazama umbo, kipimo hajakitazama.

Rundika mkaa upande mmoja tu. Upande wa pili laza kuku mzima aliyepasuliwa mgongo, mpake ndimu, chumvi na pilipili, funika, acha matundu ya chini na ya juu wazi. Kuku anaiva kwa joto linalozunguka, ngozi haiungui, na wewe huna haja ya kusimama na kipepeo kama mtumwa. Mkimaliza, zibeni matundu yote. Moto unakosa hewa, unazima, na makaa yaliyobaki yanawashwa tena kesho. Pipa la mume wa Mama Zuhura haliwezi hilo hata akilibembeleza.

Changu wenu wakitoka baharini wachomeni bila mfuniko, juu ya makaa yenyewe. Samaki hana subira ya kuku.

Bibi, Krismasi ukoo wote tunarudi Rombo. Mwaka jana tulikuwa watu zaidi ya mia. Nataka kununua jiko litakalochoma mbuzi mzima. Ukubwa gani?
Kitinda Mimba

Hakuna. Ndafu, yaani huyo mbuzi mzima wa kuchoma, si kazi ya jiko la kaya, ni kazi ya fundi wa ndafu, na fundi huyo anakuja na chuma chake, anakesha na moto wake, anaondoka navyo. Wewe unamlipa na kumpa maini. Jiko utakalonunua kwa siku moja ya Desemba litakaa siku nyingine zote likiota kutu chini ya mgomba. Halafu mkumbuke kuwa Serikali ya Tanzania ilizikataza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kutumia kuni na mkaa, kuanzia mwishoni mwa Januari 2024. Katazo halikutaja koo, lakini ninyi mnakaribia kusajiliwa.

Bibi, nauza mishikaki. Wateja wananicheka, jiko langu ni jembamba kama mfereji.
Kijana wa Magomeni

Wanakucheka kwa kuwa hawajui kazi. Jiko la mishikaki halina wavu, kijiti kinalala ukingo hadi ukingo, nyama juu ya moto, mpini nje. Ukilipanua, vijiti vinatumbukia au vinaungua katikati. Likae hivyo hivyo. Ukitaka kuongeza ukubwa, ongeza urefu.

Bibi, jirani anaazima jiko langu kila Jumapili na kulirudisha na majivu.
Mchovu, Ilala

Mpelekee bili ya mkaa Jumatatu.

Kwa mnaoandika wiki ijayo: tajeni idadi ya walaji wa siku ya kawaida, upana wa kitako cha sufuria yenu, na mahali jiko linapokaa. Barua isiyo na vitu hivyo vitatu nitaiwashia moto.