Mandolini Iliyopitia Mwaloni

Mwanza haina kawaida ya kutupa kitu. Makoroboi, pale katikati ya mji, pamepata jina lake kutokana na mafundi waliogeuza makopo na mabati chakavu kuwa taa za mafuta. MV Victoria, iliyoanza safari zake ziwani mwaka 1961, iliegeshwa miaka kadhaa, ikafumuliwa, ikatiwa mitambo mipya na kurudi kazini mwaka 2020. Kwa hiyo mwalimu mmoja wa hesabu wa Nyakato aliporudi nyumbani jioni moja na kiroba chenye mandolini iliyowahi kuvunjika shingo, hakuona kama kuna la kumshangaza mtu.

Mkewe aliliona.

“Mwalimu, mshahara umetoka jana. Leo gitaa la watoto ni la nini?”

Halikuwa gitaa la watoto, ingawa aliyeliuza pale Mlango Mmoja, katikati ya viatu na mikoba ya mitumba, alilinadi kwa jina hilo na kuongeza neno “bovu” ili asije kudaiwa baadaye. Mandolini ni chombo cha nyuzi 8 zilizopangwa jozi 4, na hutyuniwa sawasawa na fidla: G, D, A, E. Sura yake tunayoijua ilikuzwa na mafundi wa Naples, Italia, katika karne ya 18. Huku kwetu iliingia kwa mlango wa pwani, ikapata kiti chake katika taarabu ya Zanzibar na Mombasa, jirani na udi na kanuni. Kando ya Ziwa Viktoria viti vilikuwa vimeshakaliwa: Wajaluo wana nyatiti, Wakuria wana litungu, Wahaya na Wakerewe wana nanga. Fundi wa mandolini Mwanza ni kumtafuta kwa tochi. Wapo mafundi wa kila kitu kingine, na wote ni wakarimu wa ushauri. Ndipo mkasa ulipoanzia, maana kila fundi aliyekabidhiwa mandolini ile aliitibu ugonjwa anaoujua yeye.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa ameshapitia mikono ya watu. Mmiliki fulani wa zamani, Mungu amsamehe, alikuwa ameiunga shingo kwa supa gluu na msumari wa inchi tatu, kisha akaipaka rangi ya mafuta ya milango, kahawia iliyokolea. Msumari ulizama, ukazibwa na rangi, ukabaki humo ukingoja mtu wa kumkomesha.

Mwalimu alisoma kwamba vyombo vya zamani viliungwa kwa gundi ya ngozi, inayochemshwa kutokana na ngozi za ng'ombe, na kwamba uzuri wake ni huu: ukiipa joto na unyevu, inaachia. Basi akachemsha maji, akatoa mpira kwenye birika na kuelekeza mvuke shingoni. Gundi ikatii. Tatizo ni kwamba mandolini nzima ilikuwa imeungwa kwa gundi hiyohiyo. Mgongo ukabanduka taratibu, ukafuatwa na ubavu mmoja, kisha wa pili. Alipokuja kuzima jiko, mezani kulikuwa na vipande vya mbao vya kutosha kuwashia mkaa. Kilichobaki kimeshikamana imara ni shingo, kwa hisani ya msumari na supa gluu, ambayo mvuke haukuitisha hata kidogo.

Sasa ilibidi atafute gundi, na hapo mwalimu akapata wazo ambalo Mwanza pekee lingeweza kuonekana la busara. Mafundi wa ala za muziki wametumia tangu zamani gundi nyingine inayotokana na samaki: kibofu cha hewa, kile ambacho watu wa ziwani hukiita bondo. Na bondo kubwa liko kwa sangara. Na sangara wako Mwaloni, Kirumba. Aliondoka nyumbani akiwa ameshaona akiba ya fedha mbele yake.

“Mwangaluka, mayu,” alimwamkia mama mmoja aliyekaa kwenye kivuli cha mwavuli. “Mwangaluka, mwalimu. Leo umekuja kwa mboga?” Mwalimu akajibu kwamba hapana, amekuja kwa mabondo, kama kilo moja hivi. Mama akamtazama kuanzia viatu hadi kofia. “Una mzigo wa China?”

Swali lilikuwa la haki. Sangara, aliyepandikizwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950, kwa muda mrefu alisifiwa kwa minofu yake. Bondo lilikuwa la kutupa. Kisha soko la China na Hong Kong likafunguka, ambako bondo lililokaushwa hupikwa supu ya heshima, na bei yake ikaruka hadi kilo moja ya bondo ikaipita mbali kilo moja ya minofu. Bei aliyotajiwa mwalimu ilimfanya aombe arudiwe taratibu, labda amesikia vibaya. Alikuwa amesikia vizuri. Kwa fedha hizo angerudi Mlango Mmoja na kununua mandolini mbovu nyingine kadhaa, kama zingekuwapo. Mama yule akamwonea huruma, akamchotea kiganjani vipande vilivyochanika ambavyo hakuna mnunuzi angevitazama. “Nenda ukatengeneze kinanda chako, baba. Ukipiga harusini, unikumbuke.”

Gundi ya bondo haitaki moto mkali. Inalowekwa mpaka ilainike, kisha inapashwa kwa sufuria ndani ya sufuria, isichemke, maana ikichemka inapoteza nguvu. Yote hayo mwalimu aliyatimiza kwa uangalifu wa mtu anayesahihisha mtihani wa taifa. Hakuna kitabu kilichomtahadharisha kuhusu paka. Walikuja paka wa mtaa wote, wengine hata hawajulikani ni wa nani, wakajipanga ukutani wakitazama sufuria kwa adabu. Gundi ilishika vizuri mno. Viungo vile havijaachia mpaka leo. Harufu nayo ilishika. Kila jua linapopiga dirishani, mandolini huanza kunukia chakula cha jioni, na yupo paka mmoja wa rangi ya majivu ambaye tangu siku hiyo ameamua kulala juu yake.

Zikaja nyuzi. Dukani walikuwa na za gitaa tu. Fundi baiskeli wa jirani akasema hilo si la kumtoa mtu jasho: akatoa waya wa breki, akaufumua, akamkabidhi mwalimu nyuzi za chuma za kutosha bendi nzima. Si wazo la kuchekwa, kwani sehemu nyingi za Afrika waya wa breki umeliza vyombo vingi. Kasoro yake ni kwamba nyuzi zile zote ni za unene mmoja, ilhali mandolini inataka nne tofauti, na seti nzima ikishakazwa huivuta shingo kwa nguvu ya kati ya kilo 65 na 85, uzito wa mtu mzima aliyekula akashiba. Mwalimu akazikaza zote kwa matumaini. Nyembamba ilipaswa kuwa juu, nene chini; zote zikatoa sauti ileile ya geti linalofunguliwa usiku wa manane.

Hapo hesabu ikamwokoa. Unene wa nyuzi hupimwa kwa sehemu za elfu za inchi. Seti nyepesi ya mandolini ni kama 10, 14, 24 na 34. Seti ya kawaida ya gitaa la umeme ni 10, 13, 17, 26, 36 na 46. Akinunua seti mbili za gitaa na kuchukua 10, 13, 26 na 36, kila moja mara mbili, ana nyuzi 8 za mandolini. Kikwazo kimoja: uzi wa gitaa una kidonge cha chuma mwishoni, wakati mandolini inataka kitanzi. Dawa ni kukibana kidonge kwa koleo mpaka kipasuke, kitanzi kinabaki. Kidonge cha kwanza kilipasuka kikaruka na kupotelea kwenye mchele uliokuwa unachambuliwa. Vingine vilipasuliwa uani, kwa amri. Nyuzi nne zilizobaki hazikupotea bure: ile nene mama mwenye nyumba aliichukua, akaifunga vijiti ncha zote mbili, na mpaka leo ndiyo inayokata sabuni ya mche.

Seremala ndiye aliyehusika na daraja, kile kijiti kinachobeba nyuzi juu ya uso wa mandolini. Huyu kazi yake ni vitanda vya mninga na makabati, na swali lake la kwanza lilikuwa futi ngapi. Mwalimu alimletea mguu wa tembo wa mpingo, uliovunjika kutoka kwenye kinyago cha sebuleni. Mpingo ni mti unaoheshimika duniani kwa klarineti na obo, mzito na mgumu, na vumbi lake halina masihara: karakana nzima ilipiga chafya mpaka mteja wa kitanda akaahirisha safari ya kuja kukagua. Lakini kazi ilitoka safi. Seremala alikata kidaraja kizuri, akakiparuza kwa msasa, na kwa moyo wake mwema, bila kuongeza bei, akakipigilia skurubu mbili kukifunga kwenye uso wa mandolini. “Hapo haling'oki, mwalimu.”

Sasa, Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, ni lazima lisimame palepale lilipojengwa. La mandolini ni lazima lisogee. Halipigiliwi wala kugandishwa. Mkandamizo wa nyuzi ndio unaolishika. Kutoka kwenye kizuio cha juu cha nyuzi hadi freti ya 12, na kutoka freti ya 12 hadi kwenye daraja, umbali unapaswa kulingana, milimita 175 kwa mandolini hii, kisha unaongeza kiduchu upande wa nyuzi nene. Seremala alikuwa amelifunga pale alipoona panapendeza. Kila noti iliyopigwa juu ya freti ya tano ilikuwa na maoni yake binafsi. Skurubu zikatolewa, matundu yakazibwa kwa unga wa mpingo na gundi ya bondo. Paka akafurahi.

Kupaka vanishi Nyakato hakuwezekani, malori yanatimua vumbi mchana kutwa. Mwalimu akaihamishia mandolini kwa shemeji yake Igombe, ufukweni, kwenye hewa safi. Jioni akaipaka vanishi ya mafuta, akaitundika barazani, na ili ikauke haraka akawasha balbu ya moto karibu nayo. Shemeji, mvuvi wa dagaa, alikuwa anajiandaa kuingia ziwani. Akaitazama balbu, akatazama mbinguni.

“Mwalimu, leo giza.”

Mwalimu alidhani anasifiwa kwa kuleta mwanga. Wavuvi wa dagaa huingia kazini usiku usio na mwezi kwa sababu ndipo taa zao zinapovuta dagaa vizuri, na siku hizohizo za mwezi mwandamo vijidudu vya ziwani huibuka majini kwa mamilioni, vikapanda juu ya maji kwa nguzo zinazoonekana kwa mbali kama moshi wa nyika inayoungua. Navyo pia hupenda taa. Asubuhi mandolini ilikuwa na manyoya. Alivipangusa, vikaacha mabawa. Akapiga msasa, akapaka upya, safari hii ndani, mlango umefungwa. Karibu na tundu la sauti bado ipo mistari midogo yenye kumeta ambayo wageni huisifu kuwa ni nakshi ya Kihindi, na hakuna aliyewahi kuwasahihisha.

Mtu angedhani imetosha. Lakini mwalimu alikuwa ameshasoma habari za U. Srinivas (1969–2014), Mhindi aliyechukua mandolini ya umeme, akaipunguza nyuzi kutoka 8 hadi 5 na kuipigia muziki wa kale wa Kusini mwa India. Naye akataka umeme. Ndani ya saa mbovu ya kengele kuna kisahani chembamba cha shaba kinacholia kikipewa umeme. Kikitikiswa, chenyewe ndicho kinachotoa umeme. Alikibandika chini ya uso wa mandolini, akavuta waya hadi kwenye sabufa la sebuleni. Sabufa likapokea nyuzi, vifungo vya shati, pumzi ya mwalimu na kucha za paka, vyote kwa sauti moja, kisha likapiga mluzi uliotoa watu nje. Alipobonyeza kitufe cha kupunguza, akakosea na kuwasha bluutuuthi, simu ya kijana wa nyumba ya pili ikajiunga, na singeli ikatawala sebule. Majirani waliokuwa wamekuja kulalamika wakabaki wakicheza.

Mandolini iliwahi kupigwa harusini, Ukerewe. Mwalimu aliisafirisha kwa meli hadi Nansio ndani ya boksi jeupe la minofu ya samaki, maana hakuna mkoba wa mandolini unaouzwa Mwanza na boksi lile lina kimo chake kabisa. Safari ya kurudi, pale wanaposhuka abiria, ofisa wa ukaguzi alisimamisha boksi. Harufu ya bondo ilikuwa imemtangulia mwenyewe, na sheria inakataza sangara wa chini ya sentimita 50.

“Mzee, fungua.”

“Ni mandolini, mwanangu.”

“Ndiyo samaki gani huyo?”

Kifuniko kikafunguliwa. Ofisa akainama, akanusa, akaguna. Kisha, kwa kuwa kamba ya kupimia ilikuwa tayari mkononi na foleni inatazama, akapima kuanzia kichwa hadi mkia. Sentimita 62.

“Huyu ameshakua,” akasema. “Pita.”