Mita 400 za Kunguru

Hapo zamani, wala si za kale sana, mwaka 1971 tu, Simba aliunguruma kwamba ifikapo 1991 hakuna mnyama atakayetembea zaidi ya mita 400 kufuata maji safi. Nyika nzima ikashangilia. Kobe alipiga hesabu akaona miaka 20, kwa mwendo wake, si mbali.

1991 ikaja, ikapita. Simba akazeeka, akashika enzi Simba mwingine, na mwaka 2002 sera mpya ikasomwa chini ya mbuyu: mita 400, zile zile. Tuwe waungwana: wenye enzi walibadilika, korongo likakauka, lakini mita hazikupungua hata moja. Safari hii zilikuja na lita 25 kwa kila kichwa kwa siku. Tembo alicheka mpaka machozi, kisha akayafyonza upesi kwa mkonga. Hayo nayo ni maji.

Kazi ya kupima umbali alipewa Kunguru. Akaruka kutoka kwenye kilula cha maji hadi kwa Kobe, juu ya korongo, juu ya mwamba, juu ya miiba, akatua: mita 390. Kobe, asiye na mbawa, huondoka alfajiri akarudi jua limezama.

“Shikamoo, mzee wangu,” Kunguru akamwambia. “Malalamiko yako ni ya miguu, nasi tunapima kwa ramani.”

Kilula chenyewe kilizinduliwa kwa utepe na ngoma. Maji yalitoka muda wote wa hotuba. Kesho yake dizeli ya pampu ikaisha. Nyani, fundi, akaripoti kuwa mradi umekamilika. Aliulizwa habari za bomba, hakuulizwa habari za maji.

Kando ya kilula kikajengwa choo cha kisasa, cha kumwaga maji, na sinki la kunawia. Maji hakuna, basi Fisi, bwana afya, akakitia kufuli kisichafuke. Wanyama wakaendelea na vichaka vyao. Fisi akaandika kwamba choo chetu ndicho kisafi kuliko vyote wilayani, na mimi sioni alipodanganya.

Ikafika siku ya taarifa ya utekelezaji. Simba akasoma majina ya waliotuliwa ndoo kichwani.

“Kobe!”

Kimya. Akaita tena. Sungura akainuka: “Hayupo, mkuu. Kaenda mtoni kuchota maji.”

“Mtieni alama ya vema,” akasema Simba. “Huyo ni wa mita 390.”