Ipoe Mpaka Ulipwe: Mwongozo kwa Fundi AC Anayeanza

Mdogo wangu, umechagua kazi nzuri. Kaskazi ikianza kuvuma, kuanzia Desemba mpaka Machi, Dar es Salaam nzima inatafuta fundi AC, na mtu anayetafuta fundi huku jasho linamchuruzika mgongoni hana subira ya kuuliza umesomea wapi. Ana maswali mawili tu: bei gani, na unafika saa ngapi. Mjibu "nipo njiani, bosi" hata kama bado unapiga mswaki.

Nunua ovaroli ya bluu na geji mbili za kuning'iniza shingoni. Si lazima zifanye kazi. Kisha shika jambo moja, maana mengine yote yanatoka humo: mteja analiona boksi jeupe ukutani na anaisikia baridi usoni. Kilichopo katikati, yaani mabomba, nati, waya, gesi na mteremko wa maji, hakioni, kwa hiyo hatakilipia. Wewe mpe boksi na baridi. Baridi yenyewe idumu mpaka pesa iingie kwenye simu yako.

Hatua ya kwanza: pima gari, usipime chumba

Wasomi watakuambia upime urefu na upana, uangalie dirisha linapigwa na jua la saa ngapi, dari ni gipsam au ni bati tupu, na chumba kinalala watu wangapi. Kwa kukadiria, BTU 12,000 zinatosha chumba cha mita za mraba 20 hivi. Wewe acha futi kamba nyumbani, utazame kilichoegeshwa nje. Mwenye Vitz muuzie ya 9,000 kwa sebule iliyoungana na jiko. Itaunguruma usiku kucha bila kupumzika, na mwisho atakuita. Mwenye Land Cruiser mpe 24,000 kwa chumba cha mtoto. Huyu hatauliza kitu, kwa sababu namba kubwa humpendeza mtu mkubwa.

AC iliyozidi chumba ina kasoro yake. Inapoza hewa haraka, inajizima, na haipati muda wa kukausha unyevu. Chumba kinakuwa cha baridi na majimaji, shuka zinanata, nguo kabatini zinanuka uvundo. Na unyevu ndio uliozaa mashine hii: mwaka 1902 Mmarekani Willis Carrier alibuni mtambo wake kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji kule Brooklyn, ambako karatasi zilikuwa zikivimba na kusinyaa kwa unyevu. Hakuwa akifikiria usingizi wa mtu. Mteja akilalamikia shuka, mwambie ni hewa ya baharini, ndivyo ilivyo Dar.

Hatua ya pili: mahali pa kutundika

Boksi la nje likiwa nyuma ya nyumba, kivulini, penye upepo na nafasi ya kupumua, litafanya kazi vizuri miaka mingi. Lakini nani atajua kwamba bosi ana AC? Litundike mbele, juu ya mlango, jua la saa nane likilichoma usoni, ili kila apigaye hodi alione kabla hajavua viatu. Kama nyumba iko Masaki au Kigamboni, lielekeze baharini. Chumvi itaanza na mapezi ya aluminiamu, yataota unga mweupe na kumeguka kwa kidole, na wewe utauza boksi jingine. Ukikosa pa kuliweka, lielekeze kwenye dirisha la jirani. Mwenye nyumba atachukua baridi, jirani atachukua joto lake, na ugomvi wao hautakuhusu.

Boksi la ndani weka juu ya televisheni. Pima maji usiihangaikie, jicho linatosha. Bomba la kutolea maji linatakiwa lishuke mfululizo hadi nje. Wewe lipandishe kidogo juu ya fremu ya dirisha ili lisiharibu sura ya ukuta. Maji hayapandi mlima, ila mteja atalitambua hilo baada ya wiki mbili, katikati ya mechi.

Hatua ya tatu: shaba

Mabomba ya shaba ni mawili, jembamba na nene. Mwandikie mteja mita tano, tumia tatu. Mbili zilizobaki usizitupe, wanunuzi wa vyuma chakavu wanaipenda sana shaba. Ukiwa jasiri zaidi, weka aluminiamu. Ikishazungushiwa tepu nyeupe hakuna atakayeitambua. Kila bomba lilipaswa livishwe sponji lake peke yake, kwa sababu katika AC hizi hata lile jembamba huwa la baridi na hutoa jasho. Wewe yafunge yote pamoja. Baada ya mwezi ukutani litatokea doa la rangi ya chai. Sema paa linavuja.

Sasa midomo ya mabomba. Bomba linatakiwa likatwe sawasawa, makali ya ndani yakwanguliwe, mdomo utanuliwe kwa kifaa chake, kisha nati ikazwe kwa spana yenye kipimo. Wewe chukua spana malaya, kaza mpaka mkono uchoke. Ukizidisha, mdomo wa shaba unapasuka. Ukipunguza, gesi inavuja. Usijali ni lipi limetokea, maana gesi inayovuja polepole ndiyo pensheni yako.

Hatua ya nne: pampu, na jinsi ya kuishi bila pampu

Hapa ndipo mafundi wanapotengana. Ndani ya mabomba uliyofunga kuna hewa, na hewa ya Dar ina maji. Fundi aliyesoma anaunganisha pampu ya vakyumu, anainyonya ile hewa nusu saa au zaidi mpaka kipimo kishuke chini ya maikroni 500, anazima, anasubiri aone kama mshale unarudi. Ukirudi, kuna tundu, na inabidi alitafute. Muda wote huo mteja anamwona kijana amekaa juu ya ndoo anakunywa soda, na anaanza kujiuliza analipia nini. Ndiyo maana pampu haina wateja. Ni kazi ngumu kuliko zote, na kwa macho ni uvivu mtupu.

Wewe una njia ya dakika moja. Legeza nati, fungua valvu kidogo, gesi ikipiga "psss" hesabu mpaka kumi, kaza. Hewa imefukuzwa, au karibu yote. Enzi za R-22 wengi walifanya hivyo na mashine zilivumilia. AC za leo zinatumia R-410A au R-32, na mafuta ya kompresa zake hunyonya maji upesi. Maji na mafuta hayo yakikutana na joto hutengeneza asidi, na asidi hula waya za mota iliyo ndani ya kompresa. Lakini hula taratibu. Mwenye AC atapata kaskazi moja au mbili za raha, na kwa nini umharakishie huzuni mtu aliyekukaribisha chai?

Ile "psss" nayo ina wenyewe. Oktoba 2016 wajumbe wa mataifa walikutana Kigali, hapa jirani, wakakubaliana kupunguza gesi za namna hii, kwa sababu kilo moja ya R-410A ikiachiwa hewani inaipasha dunia joto sawa na zaidi ya kilo 2,000 za kaboni dayoksaidi. R-32 ni nafuu, kiasi cha 675, ila ina tabia ya kushika moto. Kwa hiyo ukiwa unapuliza, zima sigara.

Hatua ya tano: umeme

AC inataka waya wake kutoka kwenye bodi, breka yake, na ethi inayofika ardhini kweli. Wewe ichomeke kwenye soketi ya friji na pasi. Plastiki ikianza kunuka, mwambie mama mwenye nyumba asipige pasi AC ikiwa inawaka. Ethi ikate tu. Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA angekukataza, lakini hukumwita. (Hapa natania kwa shida. Boksi la nje ni la chuma, linanyeshewa, na watoto huchezea karibu nalo. Katika mwongozo huu wote, ethi iliyokatwa ndiyo inayoweza kumwua mtu siku hiyohiyo.)

Hatua ya sita: makabidhiano

Funga madirisha, weka nyuzi 16, feni juu kabisa, kisha waite wenye nyumba wote. "Mzee, hebu weka mkono hapa." Mzee ataweka mkono, atatabasamu, atamwita mkewe naye aweke. Kwa dakika kumi za mwanzo kila AC duniani inapoa, hata ya kwako. Piga picha ya kuweka status, pokea pesa, na usikubali kukaa kula. Anayekula huulizwa maswali.

Kabla hujaondoka, mwachie mteja elimu itakayokunufaisha. Mwambie nyuzi 16 zinapoza haraka kuliko 25. Si kweli, AC ya kawaida inapoza kwa kasi ileile, isipokuwa kwenye 16 haifiki inakokwenda, kwa hiyo haipumziki. AC ya BTU 12,000 isiyo ya inveta inakula karibu uniti moja ya Luku kwa kila saa ambayo kompresa inafanya kazi. Saa nane za usiku mmoja ni uniti nane. Zile uniti 75 ambazo mteja wa D1, daraja la watumiaji wadogo wa umeme, anapigana asizivuke kwa mwezi zitakwisha usiku wa kumi. Naye hatapandisha nyuzi. Atanunua blanketi. Ndiyo maana Mbezi Beach kuna watu wanalala wamejifunika gubigubi kama wako kwenye baridi ya Makete, tena kwa gharama.

Wenye akili zaidi huiwasha kwa wageni tu. Hodi inapigwa, rimoti inatafutwa chini ya makochi, mgeni anakaribishwa kwenye upepo wa moto wenye vumbi, na mwenye nyumba anasema, "Subiri kidogo, inachukua muda." Wateja hawa ni wazuri kwako. AC yao haitumiki, ila huwa mbovu daima.

Hatua ya saba: "Gesi imeisha, bosi"

Miezi ikipita utapigiwa simu. AC inapuliza upepo tu. Fika ukiwa na uso wa msiba, gusa bomba, tikisa kichwa, sema: "Gesi imeisha, bosi." Ataamini, kwa sababu gesi ya jikoni kwake huisha. Kumbe gesi ya AC haichomwi wala haitumiki. Inazunguka humohumo, na AC iliyofungwa vizuri inaweza kuzeeka na gesi iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Ikipungua, kuna tundu, na huenda tundu lenyewe ni ile nati uliyoikaza kwa spana malaya. Povu la sabuni lingekuonyesha kwa dakika tano. Basi usije na sabuni.

Jaza chochote kilichomo kwenye mtungi. Ubavuni mwa boksi pameandikwa R-410A, wewe una R-22? Changanya. Kwa kawaida mshale wa R-410A kwenye bomba nene husimama karibu na psi 120, wa R-22 chini ya 70. Wa kwako utasimama utakapopenda. R-32 ilitakiwa ijazwe kwa mizani, kwa gramu. Pima kwa kiganja. Bomba likiganda barafu, mpongeze mteja, mwambie hiyo ndiyo dalili ya AC yenye nguvu. Barafu ile kwa kweli inasema gesi ni pungufu au filta zimeziba, lakini haina mdomo.

Na filta! Hizo ndizo siri ya familia. Mteja asijue kamwe kwamba ukiinua uso wa boksi filta zinachomoka kwa mkono, bila spana, zinaoshwa kwa maji ya bomba kila wiki mbili au tatu, zinaanikwa kivulini, zinarudishwa. Mtoto wa darasa la tano anaweza. Ukiitwa kufanya sevisi, funga mlango kwanza. Toa filta, mpe dada wa kazi akazioshe, wewe gonga-gonga kitu kwa bisibisi. Malizia kwa kupuliza manukato ya limau kwenye koili. Chumba kikinukia, sevisi imefanyika.

Kompresa ikiungua kabisa, usikubali kuulizwa. Sema umeme wa mtaa huu ni mdogo, unapanda na kushuka. Mteja aliyeteseka na umeme maisha yake yote hatakuomba ushahidi.

Ipo aina moja tu ya mteja ya kuogopa. Anakusalimu vizuri, anakuletea maji, kisha anauliza pampu ya vakyumu iko wapi. Anataka mshale usimame mbele ya macho yake. Anapima shaba mwenyewe, mita kwa mita, anaomba ethi ijaribiwe, na kabla hajalipa anamimina jagi la maji kwenye trei ya boksi la ndani, anatoka nje kuona kama yanadondoka. Huyo mwambie umepigiwa simu sasa hivi, kuna msiba Morogoro. Mpe namba ya fundi mwenye pampu. Atatoza zaidi yako, atamaliza magharibi, na AC ile haitamwita tena ila kwa sevisi. Biashara ya namna hiyo haikufai.