Barua ya Wazi kwa Idara ya Masasisho ya Windows

Wakuu wa Idara,
Microsoft,
Redmond, Marekani.

YAH: SHUKRANI KWA KUTUAJIRI BILA KUTUULIZA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote poleni na majukumu. Kutengeneza kitu ambacho kilikuwa kinafanya kazi si jambo jepesi, nanyi mnalifanya kila Jumanne ya pili ya mwezi tangu Oktoba 2003. Mnaachia mzigo saa nne asubuhi yenu. Kwetu Dar es Salaam ni saa mbili usiku, au saa tatu mkiwa mmerudisha saa zenu nyuma, yaani mtu ameketi kusikiliza taarifa ya habari. Habari yenyewe anaikuta Jumatano asubuhi: skrini imeganda, mshale wa kipanya umekauka katikati ya barua ya mteja.

Tunaanza kuwapongeza kwa Agosti 2016. Tarehe 2 mlitoa sasisho la kuadhimisha mwaka mmoja wa Windows 10, na kompyuta zilizokuwa na Windows kwenye SSD huku programu na faili zikiwa kwenye diski nyingine zikaanza kuganda. Mlikiri, kwa utulivu wa kupigiwa mfano, kwamba mmepokea taarifa chache. Dawa ikapatikana mwishoni mwa mwezi. Lakini ustadi wenyewe uko hapa: sasisho hilohilo lilipunguza muda wa kurudi kwenye toleo la zamani kutoka siku 30 hadi 10. Aliyesasisha siku ya kwanza alifungiwa mlango mwezi haujafika nusu, dawa ikamkuta ndani. Mlieleza kuwa utafiti wenu umeonyesha wanaotaka kurudi hurudi siku za mwanzoni. Waliochelewa, nadhani, ni wale ambao mashine zao ziliganda wakashindwa kubofya kitufe cha kurudi.

Tiba zenu nazo zinastahili sifa. Sasisho la Aprili 2018 lilipogandisha kompyuta za watu waliofungua Chrome, mliagiza wabonyeze kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Mwenye tableti abonyeze vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti kwa pamoja, mara tatu ndani ya sekunde mbili. Mwenye laptop afunge kifuniko, kisha akifungue. Mganga wa kwetu angedai kuku mweusi. Ninyi mmeridhika na vidole.

Tusiwaonee lakini, kwani ile B ina maana yake: huwasha upya draiva ya skrini. Mafundi huanza kwa kutazama taa ya Caps Lock. Ikiwaka na kuzimika kila ukibonyeza, mashine bado i hai, kilichokufa ni sura. Taa ikigoma, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izimike. Ukiikatiza hivyo mara tatu mfululizo wakati inawaka, hujipeleka yenyewe kwenye ukurasa wa matengenezo, na humo mna sefu modi, yaani Windows inayowaka na vya lazima tu, pamoja na mahali pa kuondoa sasisho la mwisho. (Huku kwetu kukatiza si lazima uguse kitufe, umeme hutusaidia, hasa pale skrini inapoandika kwamba kompyuta isizimwe.) Mashine ikitulia kwenye sefu modi, washukiwa ni sasisho, draiva au antivairasi. Ikiganda hata humo, tunawafutia mashtaka na kwenda kupima RAM na diski. Mnaona tulivyo waadilifu.

Aprili 2019 masasisho yenu ya usalama yalishindwa kuelewana na antivairasi za Sophos na Avast, kompyuta zikaganda zikiwaka. Sophos wakawaelekeza wateja waingie sefu modi, waizime antivairasi, waondoe sasisho lenu, halafu waiwashe tena antivairasi. Ndiyo gharama ya kulindwa na watu wawili.

Sasa suala la ajira. Mwaka 2014 mlianzisha mpango wa Windows Insider, watu wajaribu matoleo mabichi kwa hiari na bila malipo. Wale walijiandikisha. Kabla ya sasisho la Oktoba 2018, baadhi yao walishaandika kwamba faili zao zimefutika. Taarifa zikazama kwenye lundo, sasisho likatoka, nyaraka na picha za watu zikafutika kweli, nanyi mkalisitisha baada ya siku chache na kutangaza kuwa walioripoti ni asilimia 0.01. Kisha mkafanya mageuzi: fomu ya malalamiko ikaongezewa sehemu ya kueleza ukubwa wa tatizo. Ina maana kabla ya hapo, kupotelewa na picha za harusi na kutopenda rangi ya kitufe vilipanga foleni moja.

Sisi wengine hatukujiandikisha popote, ila kazi tunaifanya. Kwa miaka kadhaa mtumiaji wa Windows Home hakuwa hata na kitufe cha kusema subiri. Wajanja waliidanganya kompyuta kwamba Wi-Fi yao inalipiwa kwa kipimo, ili isipakue. Kwetu haukuwa uongo. Bando hupimwa kweli. Mwaka 2019 mkaturuhusu kusitisha hadi siku 35, kwa mafungu ya siku saba saba, na tunawashukuru kwa likizo hiyo.

Kilichobaki ni barua za ajira, posho ya bando na mapumziko ya kila Jumatano inayofuata Jumanne yenu. Ikiwa bajeti haitoshi, tunaomba mrudishe zile siku 30. Zilikuwa zetu.

Wenu katika ujenzi wa Windows,

Mjaribuji asiye na namba ya ajira.

Nakala:
Antivairasi, kwa taarifa.
Jirani mwenye jenereta, kwa utekelezaji.