Mzazi Anayesikizwa

Majirani, hii nyumba yangu ya Baba Dogo imegeuka ofisi. Nalipa kodi, nalipa tokeni, nalipa bando, na bado mimi ndiye wa stuli ya jikoni. Meza kubwa ni ya mpwa wangu, ati anaandika programu za hospitali. Kiti chenye mgongo pia ni chake. Mtu wa kompyuta huumwa na mgongo, mama watoto alisema, nami nikahama.

Sasa hiyo kazi yenyewe, bana. Kuna kitu inaitwa OpenMRS, ya rekodi za wagonjwa. Ilianza 2004, Eldoret wakaanza kuitumia 2006. KenyaEMR ya hospitali zetu imejengwa juu yake. Iko vipande vipande, wanaviita moduli. Kila moduli ni mradi wake, na wa kuijenga ni programu inaitwa Maven. Maven peke yake hajui kitu, kama mimi tu. Kazi yote anafanyiwa na plagini: moja inakompaili, ingine inatesti, ingine inafunga mzigo.

Huyu kijana alikuwa ameandika plagini hizo hizo, na namba za toleo, ndani ya kila mradi. Toleo likibadilika, anafungua faili ya kila mradi, pom.xml, pom.xml, pom.xml, mpaka usiku wa manane. Stima yangu inaliwa. Akisahau mradi mmoja, unajengwa na plagini ya zamani, anaanza kugombana na ukuta. Halafu anafuta folda ya .m2, ile Maven huweka vitu imeshavuta, na kila kitu kinavutwa upya. Kwa bando ya nani?

Nikauliza kwa upole, kwani hakuna njia? Akacheka. Mama watoto pia akacheka, na yeye anauza mitumba Gikomba! Kumbe kuna pom.xml ya mzazi. Matoleo ya plagini unayaandika huko mara moja, watoto wanarithi. Mtoto anataja jina la plagini, basi. OpenMRS wenyewe wana mzazi wa moduli zao. Watu wa Gradle, mjenzi mwingine kama Maven, nao huandika plagini yao moja inayobeba zingine, kila mradi unaiita hiyo.

Mzazi anaongea mara moja na watoto wanafuata! Nilitaka kuhamia humo ndani. Kisha akanimalizia. Mzazi hajui ana watoto wangapi, ni mtoto ndiye anamtaja. (Kuna wanaume hapa stage wangeipenda sana hiyo.) Mtoto akitaka, anaandika toleo lake juu ya la mzazi, na hakuna wa kumkemea. Na mzazi akitoka upya, hakuna kinachobadilika mpaka mtoto mwenyewe akubali kuweka namba mpya. Hiyo kitu ilitengenezwa na mtu mwenye familia.

Siku hizi mpwa analala mapema. Kiti hajarudisha. Mimi bado niko toleo la 1.0, na hakuna mtoto ameulizia lingine. Ukisikia pahali wazee wanatolewa 2.0, nipigie. Piga wewe, mimi sina kredo.