Jinsi ya Kusoma Sosiolojia Lulimba Bila Kufukuzwa Kilioni

Lipa minervali, yaani karo ya chuo, kwanza. Silabusi ya Durkheim, mwanasosiolojia Mfaransa, itafuata, nayo usiisome chumbani. Kitabu chake cha mgawanyo wa kazi katika jamii kilitoka mwaka 1893. Wewe panda pikipiki uende Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu, ukamwone Durkheim akiwa na tope magotini. Mwenye shimo anaitwa PDG, kama mkurugenzi wa kampuni. Kuna wanaoshuka, wanaobeba viroba, akina mama wanaotwanga mawe, na mnunuzi mwenye mizani. Uliza nani hulipwa mwisho. Ukipata jibu la kweli, mtihani wa muhula wa kwanza umeshaufanya.

Karatasi za maswali ziache kwenye mkoba. Hapa Fizi, mashariki mwa Kongo, anayeandika majina ameleta kodi au msaada. Utaulizwa, "Munaandika ya musaada? Itafika lini?" Jibu ukweli: hakuna msaada, ni kazi ya masomo. Rudia mara tatu. Usiporudia, nyumba yenye watoto watano itakuwa na kumi na mmoja, na hesabu zako zote zitaharibika kwa kosa lako, si lao. Watu waliowahi kukimbia vita na kuishi kwa mgao wa chakula wana haki ya kuihofia kalamu.

Kwenye kilio, toa mchango kabla ya kutoa daftari. Bora daftari lisitoke kabisa. Kaa, sikiliza nani anakaa karibu na nani, nani anapika, nani anasema mwisho. Utajifunza ukoo wote kwa usiku mmoja.

Tafadhali usiandike kwamba Lulimba ni "kijiji cha asili kisichobadilika". Ni njia panda: barabara ya Fizi na Baraka, ya Kalemie, ya Kabambare. Mwaka 1965 vita vya waasi Wasimba vilipita hapa, mwaka ule ule mwanamapinduzi Che Guevara alipovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma mwezi wa Aprili, akaondoka Novemba. Mwaka 1996 vita vikarudi, na wengi wakakimbilia kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Unaweza kukuta nyumba moja ambamo bibi anakumbuka 1965, baba anakumbuka 1996, na kijana alizaliwa kambini. Anza na bibi.

Na ukikuta ugomvi wa shamba kati ya mkulima na mfugaji, usikimbilie kuandika "ukabila" katika mstari wa kwanza. Neno hilo linamaliza utafiti kabla haujaanza. Uliza ng'ombe walipita msimu gani, nani aliahidi kulipa mazao, nani alipokea hela, na kwa nini haikumfikia mwenye muhogo.

Kilichobaki, kuwarudishia watu ulichoandika juu yao, ndicho kigumu kuliko vyote. Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia Mbelgiji, alitafiti Walega na Wabembe katika miaka ya 1950, naye akaandika kwa Kifaransa na Kiingereza. Wewe nawe utaandika kazi yako ya mwisho kwa Kifaransa, kwa sababu ndivyo chuo kinavyotaka. Basi kabla hujaenda kuitetea mbele ya majuri, rudi Lulimba na Misisi, uwasomee kwa Kiswahili wale mama wa kutwanga na yule bibi. Wakikusahihisha, sahihisha. Kisha acha nakala moja katika shule ya sekondari ya hapo, wadogo zako waikute.